Padi ya Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Naima alikuwa na kazi zake. Alifagia uwanja wa nyumba yao pale Mkomaindo, mjini Masasi, akachemsha uji, kisha akamwosha uso mdogo wake Fikirini, aliyekuwa na miaka minne na ubishi wa mtu wa miaka arobaini. Kazi ya mwisho ndiyo aliyoijali kuliko zote. Alimpelekea mama yake kidonge cha presha na kikombe cha maji, akasimama palepale kando ya kitanda mpaka kidonge kimemezwa.

"Tayari, mwalimu," Mama alisema kwa utani, akifungua kinywa ili akaguliwe. "Unaona? Hakuna kitu."

"Na chini ya ulimi?"

"Hata chini ya ulimi. Nenda shule, utachelewa."

Naima hakuwa mkali bure. Miezi mitano nyuma, Mama aliacha kumeza vidonge kwa wiki kadhaa kwa sababu alijisikia mzima. Asubuhi moja, akiwa kwenye cherehani anashona sare za shule, mkasi ulimdondoka. Alipotaka kuuokota, mkono wa kulia ulikataa kumsikia na mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki mbili. Maneno yalirudi, miguu ikarudi, lakini mkono wa kulia ulirudi nusu tu. Vidole vyake vilikuwa vizito kama vya mtu aliyeulalia mkono usiku kucha. Tangu siku hiyo cherehani ilifunikwa kwa shuka.

Baba, Mudathiri, alikuwa mkulima wa korosho huko Chilangala, wilayani Newala, na huo ulikuwa msimu wa kuipulizia mikorosho dawa. Alikuja Masasi kila baada ya wiki mbili, na kila jioni alipiga simu. Mchana jirani yao, Mama Yasinta, alikuja kusaidia kupika. Kazi nyingine zilimwangukia Naima, na alizifanya bila kunung'unika, ingawa alikuwa darasa la sita tu.

Mara mbili kwa mwezi Mama alikwenda hospitali kwa Daktari Dorothy, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Daktari Dorothy alikuwa mwenyeji wa Mbeya, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichosikika hadi kwenye foleni ya wagonjwa. Alimfundisha Mama kukamua kitambaa kilicholowa, kuokota mbaazi moja moja kutoka bakuli hili kwenda lile, na kukigusisha kidole gumba na kila kidole kingine. Yalikuwa mazoezi mazuri, ila yalichosha. Mama aliyafanya siku mbili, akayaruka siku ya tatu.

Ndipo lilipokuja boksi kutoka kwa Mjomba Hamudi.

Mjomba Hamudi, mdogo wake Mama, alifanya kazi Mtwara. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya gemu ndogo kama mche wa sabuni uliokatwa nusu, na padi mbili za kuchezea, kila moja na waya wake. Mama aliitazama, akaigeuza, kisha akacheka kicheko ambacho Naima hakuwa amekisikia tangu kiharusi kilipoingia nyumbani kwao.

"Jamani! Hii si ile ya kwa kina Justa? Imefanywa nini mpaka ikasinyaa hivi?"

"Justa ni nani, Mama?"

"Rafiki yangu wa Newala, nilipokuwa na umri wako. Baba yake, Mwalimu Elineema, alihamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, akaja na televisheni na mashine ya gemu kubwa kama redio. Unachomeka kanda hapa juu, unapuliza vumbi kwanza, ndipo inawaka. Tukitoka kuteka maji, ndoo tunaziacha mlangoni, tunapanga foleni ya kucheza. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye kofia na mkoba wa barua, anakimbia barabarani anaruka madimbwi. Jina lake la kigeni hatukulijua. Sisi tulimwita Tarishi." Mama aliinua kidevu. "Newala nzima hapakuwa na mvulana wa kunishinda kwa Tarishi. Mwulize mjomba wako. Alikuwa analia."

Mjomba alieleza kwa simu kwamba siku hizi mashine za zamani zinatolewa upya kwa umbo dogo, kwa ajili ya watu waliokuwa watoto enzi zile. Michezo thelathini imo humohumo ndani, na Tarishi ni mmojawapo. Hakuna tena kanda. Mama alijaribu kukifungua kile kijimlango cha juu cha kuchomekea kanda, lakini hakikufunguka. Kilikuwa pambo tu.

Daktari Dorothy alipoambiwa, alipiga makofi. "Kwa hiyo kinachomrusha huyo Tarishi ni kidole gumba cha kulia? Safi sana! Robo saa kila siku, usizidishe, na mazoezi mengine yasiachwe. Naima, wewe ndiye mwandishi wangu. Kila siku andika kwenye daftari madimbwi aliyovuka kabla ya kutumbukia. Daftari hilo ndilo litakaloniambia mkono unaendaje."

Naima alinunua daftari jipya, akaliandika juu kwa kalamu nyekundu: MKONO WA MAMA.

Siku ya kwanza, mara tu mchezo ulipoanza, Mama alikunja uso. "Mbona muziki unakimbia? Wa kwetu ulikuwa unatembea." Lakini kabla hajamaliza kusema, Tarishi alikuwa amekwisha kutumbukia katika dimbwi la nne, kofia ikaelea juu ya maji.

Naima aliandika: 3.

Wiki iliyofuata ziliingia tano, sita, saba. Mama alifurahi, akaanza hata kuyafanya mazoezi ya mbaazi bila kukumbushwa. Kisha namba zikasimama. Saba. Saba. Sita. Saba. Dimbwi la nane lilikuwa pana, na kila Tarishi alipolifikia alizama.

"Nimebonyeza," Mama alisema kila mara, akikitazama kidole chake. "Naima, wallahi nimebonyeza kwa wakati. Kidole hiki kinapita wapi mpaka kichelewe hivi?"

Jioni moja aliiweka padi chini kabla robo saa haijaisha. Hakulia. Alikaa tu, mkono wa kulia ukiwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Naima aliona afadhali angelia.

Ikawa siku ya pili yake, Mama akiwa anacheza, Naima aliketi nyuma yake mkekani akiukunja waya wa padi ya pili ili Fikirini asiichezee. Kidole chake kiligusa kitufe kwa bahati mbaya, na Tarishi akaruka. Naima alishtuka. Alibonyeza tena kwa makusudi. Tarishi akaruka tena. Mashine ile haikujali padi ipi imebonyezwa. Zote mbili zilimwamrisha mtu yuleyule.

"Umeona?" Mama alipaza sauti. "Nane! Nimelivuka la nane!"

Naima alifungua mdomo aseme. Mama akageuka, na uso wake ulikuwa umechanua wote, hata ule upande uliokuwa bado mzito. Naima akafunga mdomo. Aliivuta padi ya pili chini ya kitenge chake, na Tarishi alipofika kwenye dimbwi la tisa, akabonyeza.

Siku hiyo aliandika 9. Kesho yake 12. Baada ya hapo 17. Ijumaa Mama alivuka madimbwi ishirini na mawili, akampigia simu Baba papo hapo.

"Baba Naima, mkono umerudi! Nakwambia umerudi!"

Huko Chilangala Baba alishangilia kwa nguvu, mpaka sauti yake ikasikika chumba kizima. Alisema atawaambia wenzake wote shambani. Naima alitoka nje, akaenda kuteka maji ambayo hayakuwa yakihitajika.

Siri hiyo alimwambia Yasinta peke yake, binti wa jirani yao na mwanafunzi mwenzake. Walikuwa wamekaa nyuma ya darasa wakati wa mapumziko, wakimenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, waliyonunua langoni.

"Ni kama kumfanyia mtu mtihani," Yasinta alisema baada ya kufikiri.

"Si mtihani. Ni gemu tu."

"Si umesema daktari analisoma daftari?"

Naima aliinama kuokota maganda.

"Basi mtihani," Yasinta alisema, akaendelea kumenya.

Jumamosi asubuhi Naima alikuwa uwanjani anafagia alipowasikia Mama na Fikirini wakicheka jikoni. Mama alikuwa ameamka mapema kuliko kawaida, akajifunga kanga kiunoni. "Leo uji naipua mimi," alisema. "Naima wangu amechoka." Kisha palisikika mlio wa sufuria ikianguka sakafuni, na Mama akapiga yowe.

Naima aliutupa ufagio, akakimbia. Uji ulikuwa umetapakaa kuanzia jikoni hadi mlangoni. Mama alikuwa ameegemea ukuta, mguu wa kushoto umeiva wekundu. Fikirini alisimama hatua mbili tu kutoka pale sufuria ilipoanguka, macho yamemtoka, hajaguswa hata na tone.

"Niliishika vizuri," Mama alikuwa akisema. "Niliishika kama zamani."

Mama Yasinta alikuja mbio na dawa ya meno mkononi, tayari kuupaka mguu. "Hapana, mama, shikamoo, tafadhali usipake," Naima alisema kwa pumzi moja. "Shuleni tumefundishwa maji tu." Akaumiminia mguu maji safi ya mtungini, kikombe baada ya kikombe, kwa muda mrefu mpaka mikono yake ikauma. Zahanati waliufunga kitambaa safi, wakasema kidonda si kirefu, kitapona.

Lakini Mama alikuwa ameumia mahali pengine. Alasiri alilala mkekani akiutazama ukuta. Hakukamua kitambaa, hakuokota mbaazi. Naima alipomkumbusha kwamba Jumatatu ni siku ya kwenda kwa Daktari Dorothy, alitikisa kichwa.

"Siendi."

"Kwa nini, Mama?"

"Nikamwambie nini? Padi inasema nimepona. Sufuria inasema sijapona. Mkono huu ni wangu, Naima, lakini sijui tena nimwamini nani juu yake." Kisha akasema polepole, "Labda kichwa changu ndicho kimeharibika. Labda ugonjwa umepanda huko."

Naima alikuwa amejiambia kwamba akinyamaza, siku zitapita, mkono utapona kweli, na hakuna atakayejua. Sasa alimwona mama yake akiogopa kichwa chake mwenyewe. Alikwenda kwenye kabati, akaitoa padi ya pili, akaja akapiga magoti kando ya mkeka.

"Mama, kichwa chako ni kizima. Aliyekuwa anaruka ni mimi."

"Anaruka wapi?"

Akamweleza yote: waya, kitufe, kitenge, tisa, kumi na mbili, kumi na saba, ishirini na mbili. Alisema bila kujitetea, na machozi yalimdondoka juu ya padi.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageukia ukuta. Fikirini aliingia, akaomba maji, akapewa, akatoka.

"Nilimpigia baba yako," Mama alisema hatimaye. "Nilimwambia mkono umerudi. Akawaambia watu."

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Na ile sufuria. Niliishika kwa kuiamini ile ishirini na mbili." Aligeuka, akamtazama binti yake. "Fikirini alikuwa amesimama pale, Naima."

"Nilitaka ufurahi tu."

"Nilifurahi," Mama alisema. "Ndiyo maana inauma."

Naima alilia kwa kwikwi. Mama hakumkemea, wala hakumbembeleza mara moja. Baadaye aliunyoosha mkono wa kulia, ule mzito, akauweka juu ya kichwa cha binti yake. Ulimchukua muda kufika, lakini ulifika.

"Jumatatu tutakwenda," alisema. "Na utamwambia daktari wewe mwenyewe. Yote, usiache hata neno."

Jumatatu, mbele ya Daktari Dorothy, Naima alisimama wima kama anayesoma risala.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mbona sura imekunjamana hivyo? Kaa."

Naima hakukaa. Alilifungua daftari, akaonyesha namba zilizokuwa za kweli na zile za uongo, akaeleza jinsi alivyofanya. Daktari Dorothy hakucheka. Aliutazama mguu wa Mama, akavuta pumzi.

"Naima, usingesema, leo hii ningempunguzia mama mazoezi. Namba zako zingeniambia anaweza. Unaelewa hilo?"

"Ndiyo, daktari."

"Na wewe, Mama Naima, sikiliza. Hata ishirini na mbili ile ingekuwa ya kweli, isingetosha kunyanyua sufuria ya moto. Wepesi wa kidole ni kitu kimoja, nguvu ya kiganja ni kingine. Kabla ya kushika chochote cha moto, niulize." Kisha akamgeukia tena Naima. "Sasa niambie. Ulipokuwa unamsaidia, ulikuwa unabonyeza wakati gani? Yeye akibonyeza?"

"Hapana. Kabla yake." Naima alifikiri ili asiache hata neno, kama alivyoagizwa. "Ilinibidi nibonyeze Tarishi akiwa bado mbali na dimbwi. Ukingoja afike ukingoni umechelewa, anazama. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nazama, nikazoea kuwahi."

Daktari Dorothy aliinua macho. "Hata wewe? Na mkono wako mzima?"

"Ndiyo."

Daktari alichukua rula ndefu mezani, akaisimamisha kati ya kidole gumba na kidole cha shahada cha Mama, bila kugusa. "Nikiiachia, idake." Akaiachia. Rula ikaanguka sakafuni. Akaokota, akarudia. Mara ya tatu vidole vya Mama vilikutana, na rula ikasimama, imeshikwa karibu na mwisho wake.

"Mwezi uliopita hukuidaka hata mara moja kati ya kumi," Daktari Dorothy alisema. Walirudia mara kumi; Mama akaidaka mara sita. "Mkono wenye kudaka rula hivi haushindwi na dimbwi lilelile kila siku. Hapa kuna kitu kingine kinachochelewa. Mtafuteni fundi aitazame hiyo mashine."

Fundi hakuwa mbali. Nehemia, baba yake Yasinta, alikuwa akitengeneza redio na televisheni pale mjini. Jioni ileile alikuja na Yasinta, akiwa amebeba bisibisi zake, lakini hakuzitumia. Aliketi, akacheza mwenyewe kidogo, akazama katika dimbwi la nne, akaguna.

"Mama Naima, hebu cheza wewe. Nataka nikurekodi."

"Nimejeruhiwa, halafu nirekodiwe tena nikishindwa, Baba Yasinta?"

"Cheza tu, dada."

Aliishika simu yake mahali ambapo kidole cha Mama na kioo cha televisheni vilionekana pamoja. Tarishi akakimbia, akavuka, akavuka, akazama katika la nane kama kawaida. Kisha fundi akaicheza ile video polepole sana, wote wakainamia simu: Mama, Naima, Yasinta, hata Fikirini aliyepenyeza kichwa katikati.

Tarishi alikuwa akielekea dimbwini. Kidole gumba cha Mama kilishuka juu ya kitufe. Tarishi bado anakimbia. Kidole kikaanza kuinuka. Tarishi bado anakimbia. Kidole kimekwisha kuinuka kabisa. Ndipo Tarishi akajiinua kuruka, lakini mguu wake ulikuwa tayari majini.

"Rudisha," Mama alinong'ona.

Fundi akarudisha. Kidole kilishuka tena, mapema, kwa wakati wake.

"Kumbe kilikuwa kinafika," Mama alisema. Macho yake yalijaa. "Kidole changu kilikuwa kinafika."

"Kilikuwa kinafika, dada. Anayechelewa ni huyu." Nehemia aliigonga ile mashine ndogo kwa ukucha. "Kwa sura ni ile ya zamani, lakini ndani hamna ile ya zamani. Mna kompyuta ya kisasa inayoigiza. Umewahi kumwona mkalimani mkutanoni? Mgeni anasema, mkalimani anasikia, anafikiri, ndipo anasema kwa Kiswahili. Hata awe hodari vipi, yuko nyuma kidogo. Kila unapobonyeza, hii inatafsiri kwanza. Halafu na televisheni zetu hizi bapa, kila picha zinaipaka poda kwanza ndipo ziitoe. Kuchelewa huku na kuchelewa kule, ukijumlisha, Tarishi kazama."

"Na muziki?" Naima aliuliza. "Mama alisema unakimbia."

"Alisikia sawasawa. Kanda za zamani zilizoletwa huku zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za huku, na mchezo ulikwenda taratibu kidogo. Hii imewekewa mwendo wa nchi nyingine, wenye kasi zaidi. Ngoja."

Aliingia kwenye mipangilio ya mashine, akachagua mwendo wa polepole. Kwenye televisheni akazima ule upakaji poda wa picha, akaweka hali ya michezo. "Haitaisha yote," alionya. "Kuigiza ni kuigiza. Ila itapungua sana."

Muziki ulipoanza safari hii, Mama alitikisa kichwa kwa mdundo wake. "Ee," alisema. "Huyu sasa ndiye."

Alishika padi. Naima aliitia padi ya pili mikononi mwa Yasinta, akaketi mbele kabisa, mahali ambapo Mama angeona viganja vyake vyote viwili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Tarishi akavuka la sita, la saba. Kwenye la nane kila mtu alishika pumzi. Kidole kikashuka, Tarishi akaruka, akatua upande wa pili kofia ikiwa kichwani. Fikirini alishangilia hata Mama akacheka, na kwa kucheka akazama katika la kumi na tatu.

"Kumi na mbili," Yasinta alihesabu. "Amevuka kumi na mbili."

"Si ishirini na mbili," Mama alisema. Aliiweka padi chini, akalivuta daftari. Naima alimpa kalamu, na Mama akaishika kwa mkono wa kulia. Aliandika moja, ikapinda. Akaandika mbili, ikawa kubwa kupita mistari. Kisha akampigia Baba simu na kumweleza yaliyotokea, kuanzia padi ya pili hadi dimbwi la kumi na tatu. Upande wa pili Baba akasema kwamba kumi na mbili anaipokea, na kwamba Jumamosi atakuja kuiona kwa macho yake.

Fundi na Yasinta walipokwisha kuaga, Mama alimwita Naima akae karibu naye.

"Ulinihurumia, mwanangu, na mimi silichukii hilo. Mtoto asiyemhurumia mama yake ana kasoro. Lakini sikiliza. Kama ungeendelea kunyamaza, ningekaa nikiamini kichwa changu kimeharibika, na mashine mbovu ingeendelea kuusingizia mkono wangu. Tumeujua ubovu wake kwa sababu ulisema kweli yote, hata kile kidogo ulichodhani hakina maana. Mgonjwa akidanganywa, hata kama ni kwa mapenzi, dawa inakwenda mahali pasipouma. Siku nikipata tatu, niambie tatu. Tutaanzia hapo."

"Nitakuambia, Mama."

"Na mimi nitakuambia. Vidonge vile niliviacha kwa kujidanganya mwenyewe kwamba nimepona. Kwa hiyo tumekosa wote wawili." Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Haya, nisogezee lile bakuli la mbaazi. Leo sijaokota hata moja."

Naima alisogeza bakuli, akaketi mkabala naye kuhesabu. Mama aliiangusha ya kwanza, akaiangusha ya pili. Ya tatu aliibana kati ya vidole, akaipeleka mpaka upande wa pili.

"Moja," Naima alisema.

"Moja," Mama aliitikia, akainamia nyingine.